Nyoka na Nguruwe Katika Nyumba Moja

Atupele mwanangu,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukila chapati umesimama, mguu mmoja ndani ya kiatu. Hali yako naijua. Yangu ndiyo huijui, na ndiyo maana nimekaa hapa mezani na kalamu wakati wewe umekwenda kuwaaga wenzako, na jua la Agosti bado limekaa juu ya maegesho ya magari kana kwamba halina kwao.

Mambo ya blanketi, dawa ya mafua na namna ya kufua nguo nyeupe tumeshayamaliza. Sitayarudia. Mwandiko wangu unaujua, na Kiswahili changu ni cha darasa la saba la Tukuyu, basi soma taratibu. Ukikwama kwenye neno usimpigie Mama Glori wa kwaya kumwuliza. Nipigie mimi.

Nina hasira, Atu. Nataka uijue kabla ya kesho, maana kesho njia nzima ya kwenda chuoni kwako Duluth nitakuwa nimeshika usukani, na mimi nikiwa naendesha siwezi kugombana vizuri.

Hasira yenyewe ni ya Jumapili. Tulikuwa tunakunja mashuka, wewe upande ule, mimi upande huu. Nikakuambia kwamba Novemba, kwenye ile sikukuu ya shukrani ya watu wa huku, nitakuja kukuchukua, nitapika ndizi na nyama kama kwetu, hatutahangaika na bata mzinga. Ukasema hapana, utashukia Richfield kwa Mama Glori, na Krismasi vilevile utakuwa huko. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu kwa sauti ile ya upole ninayoitumia mimi kazini nikimwambia mzee kwamba mwanawe hatakuja leo.

"Mama, siyo kosa la mtu. Mimi Nyoka, wewe Nguruwe. Hatuendani tu."

Ulisema kwa Kiingereza. Nimeandika kwa Kiswahili ili uyaone maneno yako yalivyo. Yatazame. Ungenitukana ningelia, nikamaliza, nikaendelea na mashuka. Hili la siyo kosa la mtu ndilo limenikaa kooni tangu siku ile, na hata chai inapita kando yake.

Hebu nikukumbushe jambo hili lilivyoingia nyumbani kwetu, maana unalisema kama vile ulizaliwa nalo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yako alikuwa amehamia Texas majira yaleyale, na mimi na wewe tulikuwa bado hatujazoea kuwa wawili tu. Baada ya ibada Mama Glori akatuchukua, sisi na wanawake wa kwaya, tukaenda kwa Wachina, ule mgahawa wa kujichotea mwenyewe hapa Brooklyn Park. Chini ya kila sahani palikuwa na karatasi yenye picha za wanyama kumi na wawili na miaka yao. Mimi nilidhani ni ya watoto kupaka rangi. Mama Glori, ambaye ni mhasibu na hawezi kuona maandishi akayaacha yapite, akavaa miwani akaanza kututafsiria mmoja mmoja, kama anagawa zawadi.

Tulicheka, sikatai. Dada mmoja wa sauti ya pili alipoambiwa yeye ni Panya, akaweka uma chini akasema angejua angebaki nyumbani ale ugali wake kwa heshima. Mwingine akapewa Tumbili, akaomba hilo lisije likafika kazini kwake. Mama Glori mwenyewe, wa mwaka sitini na tisa, akajikuta Jogoo: mchapakazi, msema kweli, mtu anayejua kuvaa. Hapo alisoma mara mbili.

Ikaja zamu yangu. Nikamtajia mwaka ulio kwenye pasipoti yangu, sabini na moja. Nguruwe. Wenzetu Waislamu wangeinuka mezani. Sisi wa Tukuyu nguruwe tunafuga, basi nikasubiri niambiwe ni wa namna gani. Eti Nguruwe ni mkarimu, anaamini watu upesi, marafiki zake ni wa maisha, ila ndoa humsumbua. Meza nzima ikainama kutazama sahani. Nguruwe nimewalisha mimi, Atu, kabla na baada ya shule. Jike la mama yangu lilikula vifaranga vya jirani na likamng'ata mwinjilisti aliyekuja kutuombea. Lile halikumwamini mtu hata siku moja.

Halafu wewe, themanini na tisa. Nyoka. Ulikunja uso, kwa sababu kwetu ukimwita mtu nyoka umeshamaliza maneno yote. Mama Glori akakutuliza, akasema Nyoka wa Wachina siyo kama wa kwetu, huyu ni mwenye hekima, mrembo, msiri, anatunza mambo moyoni. Ukaanza kutabasamu. Ndipo akasoma mstari wa mwisho, kwamba Nyoka anaendana na Jogoo, na wa kumkwepa maishani ni Nguruwe.

"Poleni," akatuambia, "na mnalala nyumba moja." Kisha akakuvuta begani. "Njoo kwa jogoo wako, mwanangu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikainuka kwenda kuongeza tambi. Wewe ukaikunja ile karatasi, ikiwa na doa la mchuzi, ukaja kuibandika ukutani juu ya kitanda chako. Nikakusaidia kukata utepe wa gundi kwa meno.

Mzaha ungeishia pale nisingekuwa na la kuandika. Wachina wenyewe siwalaumu, wale walitaka tu tuwe na cha kutazama tukisubiri supu. Lakini sisi tuliuchukua tukautia kwenye pochi na Biblia, tukaenda nao nyumbani. Ukikataa mazoezi ya kwaya, Mama Glori anasema ni Nyoka huyo, mpeni nafasi. Nikikukatalia kulala kwa rafiki yako, unaniambia Nguruwe hawezi kumwelewa Nyoka, na unafunga mlango kwa utaratibu, bila hata kuubamiza. Afadhali ungeubamiza.

Na mimi nikaja kuona urahisi wake. Nimetoka kwenye nyumba ya wazee kule Anoka nimegeuza watu vitandani tangu asubuhi, miguu inawaka moto, nakukuta umejifungia. Kugonga ni kazi. Kuuliza ni kazi. Kukaa ukingoni mwa kitanda nikingoja useme ni kazi kuliko zote. Lakini kusema "ndivyo Nyoka walivyo" haina kazi yoyote. Nilikuwa naisema, napasha wali wangu, nakula, nalala.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Majira ya baridi yale ulipokuwa na miaka kumi na mitano, uliacha kula mezani. Simu ya Texas ikilia Jumapili unaichukua unaingia nayo bafuni, unafungua bomba, maji yanamwagika mpaka mmalize kuzungumza. Nikikuuliza baba anasemaje unasema hajambo. Ulikuwa unakonda. Nikamlalamikia Mama Glori, naye akasema, si nilikuambia? Nyoka huficha, ndiyo asili yake, usimchokoze. Nami nikatii, kama vile nimeandikiwa na daktari.

Theluji ilipoyeyuka baba yako akapiga simu hukuwepo, nikapokea mimi. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mchanga analia. Nikamwuliza amekwenda kumtembelea nani.

"Kwani Atu hakukuambia?"

Kumbe ulijua tangu vuli. Alikueleza wewe kwamba ameoa na kwamba anatarajia mtoto, akakuomba usiniambie mpaka yeye mwenyewe apate namna ya kunieleza. Namna hakuipata, kwa sababu hakuitafuta. Wewe ukalala na jambo hilo, ukaenda nalo shule kwenye basi la njano, ukarudi nalo. Lile bomba ulikuwa unalifungua kwa ajili yangu, ili nisisikie.

Unajua nilifanya nini siku ile? Nilimpigia Mama Glori. Tukazungumza mpaka betri ya simu ikaisha, yeye akasema unaona sasa alivyokuwa anatunza mambo moyoni, karatasi ilisema. Kwako wewe sikuja. Nilipika maharage, nikakuwekea sahani, ukala nusu, tukaangalia habari za hali ya hewa. Mpaka leo jioni hii mimi na wewe hatujalizungumza.

Nikiliwaza, damu inanichemka, na siyo juu yako. Mtoto alibeba siri ya baba yake ili mama yake asiumie. Siri ile ilikuwa nzito kuliko wewe. Na sisi watu wazima watatu, mmoja Texas, mmoja Richfield, mmoja hapahapa chumba cha pili, tukaitazama kazi hiyo kubwa ya upendo tukasema ni tabia ya mnyama. Nani alitupa ruhusa hiyo? Ulikuwa mtoto mwenye huzuni. Hilo halihitaji mwaka wa kuzaliwa. Linahitaji mtu aje agonge mlango.

Sasa nikueleze la Mee, ambalo nimekuficha.

Mee ni yule Mhmong wa Saint Paul, kabila la jirani na Wachina, ninayefanya naye kazi, anayenipa wali wake wa kunata nami nampa maandazi. Nilijua kwao nao wanahesabu miaka kwa wanyama, basi mwezi uliopita, wakati wa mapumziko, nikamwuliza kama ni kweli Nguruwe na Nyoka hawawezi kukaa pamoja. Akaniuliza mwaka wangu, kisha mwezi, kisha tarehe. Nikamwambia kwenye pasipoti ni Januari mosi. Mee akacheka mpaka akashika meza. Akasema baba yake naye kwenye makaratasi alizaliwa Januari mosi, na wajomba zake wawili, na nusu ya mtaa wao, wote wasiojua siku yao. Halafu akaniambia mwaka wa Wachina hauanzi Januari mosi, unaanza baadaye, kwa hiyo siku yangu inahesabiwa ya mwaka uliotangulia. Mimi siyo Nguruwe hata kidogo. Mimi ni Mbwa. Na Mbwa na Nyoka hawana neno.

Mwanangu, nilitoka kazini kama nimepewa habari ya kupona. Nilishuka na ile barabara kubwa kutoka Anoka huku nikipanga namna ya kukuambia, nitaanzaje, utachekaje. Nikafika kwenye taa nyekundu, nikajisikia nasema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, madirisha yako wazi: mimi ni Mbwa, asante Yesu, mimi ni Mbwa. Mwanamume wa gari la pembeni akanitazama, akapandisha kioo chake.

Hapo ndipo hasira ilipokuja, na haijaondoka.

Mwanamke mzima, nimezaa, nimevuka bahari, nimesimama mbele ya maofisa wa uhamiaji na mtoto mgongoni, nafurahi kuambiwa ni mbwa. Nafurahi kwa sababu labda sasa binti yangu atakubali kuja kula ndizi. Na hata huyo mbwa ni wa kubahatisha. Bibi yako anakumbuka kwamba nilizaliwa wakati wa kuchuma kahawa, mwaka ambao maji yalichukua daraja la kwenda sokoni. Kahawa haichumwi Januari. Mwaka gani maji yalichukua daraja, kila mtu kwetu ana wake. Nilipokwenda kutafuta pasipoti Mbeya, karani aliniuliza, nikamweleza habari za daraja, akanitazama usoni, akatazama saa, akaandika alichoandika akaenda kula. Miaka yote hii wewe umekuwa ukimkwepa mnyama aliyechaguliwa na mtu mwenye njaa.

Ningeweza kukuambia haya Jumapili pale kwenye mashuka. Ungecheka, pengine Novemba ungekuja. Nimekataa. Sitaki uje kwangu kwa sababu karani alikosea. Leo ni mnyama, kesho kuna mwingine atakuja na nyota, mwingine na kundi la damu, mwingine na kabila, huyo wa kabila tunamfahamu tangu nyumbani, na kila mmoja atakuwa na sababu nzuri ya kwa nini wewe na fulani hamuwezi kuendana. Utakuwa unahama kila mara.

Mama Glori nimempigia Jumatatu. Usiogope, hatujavunja urafiki. Yeye alikusuka nywele nilipokuwa na shifti za mfululizo, na hilo silisahau, na kwake uende ukanywe chai utakavyo. Nilitaka kujua tu nani alianza hii habari ya wewe kulala kwake Novemba. Akasema ni yeye, bila kuzunguka.

"Mwache mtoto apumue, Mama Atu. Hamuendani, siyo dhambi."

"Na wewe na Glori mnaendana?"

Nilijua ninachouliza, maana tangu shule zifungwe Glori anamjibu kwa kuinua mabega.

"Glori ni umri tu," akasema.

"Kwa hiyo wa kwako ni umri, wa kwangu ni mnyama."

Akasema nimekuwa mkali siku hizi. Nikamwambia ndiyo.

Wewe nakuambia kwa nini tunagombana, maana sababu ninazo. Tunagombana kwa sababu tangu una miaka tisa nilikufanya uwe mdomo wangu. Kliniki, kwa mwenye nyumba, kwenye simu ya kampuni ya umeme, wewe ndiye ulisema na mimi nilisimama nyuma yako nimeshika pochi. Mtoto aliyemwambia mama yake daktari amesema nini, jioni hawezi kuambiwa nenda kalale akaona ni sawa. Nami nikiona nimekuwa mdogo mchana, usiku nakuamrisha mambo yasiyo na kichwa, ili nikumbuke nani kamzaa nani. Tunagombana kwa sababu nilikuzaa nikiwa na miaka kama yako ya sasa, na kila unapojua jambo ambalo mimi sikulijua nafurahi na inaniuma, vyote kwa pamoja. Tunagombana kwa sababu uliwahi kunisahihisha Kiingereza mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akatabasamu. Tunagombana kwa sababu unaacha sufuria ya maziwa bila kuiloweka.

Hizo zote zina mwenyewe. Nyingine ni zangu, nyingine zako, ile ya sufuria ni yako kabisa. Na jambo likiwa na mwenyewe, mtu anaweza kusema nisamehe, na mwenzake akasema sawa au akasema bado. Nguruwe ataomba msamaha wa nini? Wa kuzaliwa? Ndiyo maana maneno yako ya Jumapili yalinichoma. Uliposema siyo kosa la mtu ulidhani unanihurumia, kumbe umeninyang'anya cha kurekebisha.

Basi mimi naanza. Nisamehe kwa majira yale ya baridi. Mlango ulikuwa hatua chache na sikuugonga. Nisamehe kwamba nilipojua, nilikwenda kulia kwa mtu mwingine. Na ndaga, asante ya kwetu, Atupele. Ndaga kwa lile bomba. Hakuna mtu aliyewahi kunilinda namna ile, si mama yangu, si baba yako, na wewe ulifanya ukiwa bado unapanda basi la njano.

Wewe kesho unakwenda kukutana na watu wengi. Utaulizwa wewe ni mtu wa namna gani, na kutakuwa na makaratasi mengi ya kukusaidia kujibu. Mimi nitafurahi kama utasema bado sijajua. Huo ndio utajiri wenyewe wa miaka kumi na minane. Mimi sikuupata, nilikuwa na wewe mgongoni, na sijutii.

Novemba nitakuja Duluth. Nitaegesha mbele ya bweni lako. Unaweza kukataa kupanda gari, umekuwa mtu mzima, sitakuvuta. Lakini ukikataa, njoo dirishani uniambie sababu yenye jina langu. Niambie, Mama, nina hasira na wewe kwa hili na hili, na useme yote, kwa lugha yoyote. Nitazima injini nikusikilize mpaka mwisho, hata kama theluji inaanguka. Halafu nitarudi peke yangu Brooklyn Park nikiwa na cha kufanyia kazi, na nitakuja tena Krismasi kuuliza kama imepungua.

Na kama huna sababu ya namna hiyo, panda gari.

Mama yako,
Tusekile